Mama, mtoto mchanga na faragha yako na Mungu

NI saa tisa za usiku. Ploti nzima imelala, hata mbwa wa jirani amechoka kubweka. Taa inawaka katika chumba kimoja tu, nacho ni chako. Umeketi ukingoni mwa kitanda, mtoto wa wiki tano yuko kifuani, shingo inakuuma na macho yanajifumba yenyewe. Mbele yako, juu ya kabati, kuna kitabu chako cha dini. Kile kikaratasi ulichotia ndani siku mbili kabla ya kwenda kujifungua kingali pale pale ulipokiacha.

Nawe unajiuliza kimoyomoyo: Je, Mungu ananionaje? Nilimwomba mtoto kwa machozi, akanipa, na sasa sina hata dakika tano za kumwambia ahsante.

Mama msomaji, ikiwa unayajua haya, makala haya ni yako. Na ikiwa huyajui kwa kuwa wewe ni baba, au ni mwanafunzi uliye nyumbani kwa likizo, usifunue ukurasa. Humu mna kazi yako pia.

Hatia isiyo na kosa

Kabla mtoto hajazaliwa ulikuwa na utaratibu wako. Uliamka saa kumi na moja alfajiri kabla matatu hazijaanza kupiga honi, ukasoma, ukaomba, ukaoga na kushika njia kwenda kazini. Wenzako katika kikundi cha akina mama walikutegemea kuwaongoza katika sala. Leo unasinzia katikati ya Baba Yetu. Kila unapomsikia mhubiri akisema kwamba siku isiyoanza kwa maombi ni siku iliyopotea, unainamisha kichwa na kujifanya unamfunika mtoto.

Wanawake wengi huubeba mzigo huu kimya kimya. Watamwambia jirani kwamba mtoto anakataa kulala, kwamba chuchu zinauma, kwamba maji hayajaja tangu Alhamisi. Hawatamwambia kwamba wameacha kuomba. Wanaona haya. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtu anayedhani amemkosea Mungu huanza kumkwepa, na akishamkwepa hukosa faraja wakati ule ule anapoihitaji zaidi.

Ninalotaka kukuambia leo ni hili: saa yako ya faragha na Mungu haikufa. Imevunjwa tu, kama noti ya shilingi elfu moja inavyovunjwa ikawa sarafu. Thamani yake ni ile ile. Lakini huwezi kuitumia kama ulivyokuwa ukiitumia ilipokuwa noti nzima. Yafaa ujifunze kutumia sarafu.

Hebu tupige hesabu

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Tuseme wako hunyonya mara 10, na kila mara humchukua nusu saa. Hizo ni saa tano kwa siku. Bado hujambadilisha nepi, hujampigapiga mgongoni mpaka abeue, wala hujabadilisha blauzi yako baada ya yeye kukutapikia maziwa.

Kulala hulala sana, saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini hulala kwa vipande vya saa mbili tatu. Hajui tofauti ya usiku na mchana, na mwili wake hauanzi kuijua vizuri mpaka afikishe miezi miwili au mitatu hivi. Kilio nacho aghalabu huzidi kuanzia wiki ya pili, kikafika kilele karibu na wiki ya sita, kisha kikapungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Fauka ya hayo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Kwa hivyo kazi hii ya kunyonyesha haina wa kukupokea.

Hesabu hii inatuambia mambo matatu. Kwanza, saa nzima ya utulivu huna, na anayekudai saa hiyo huenda amesahau kulea ni nini. Pili, majira haya yana mwisho, nawe hutakuwa hivi milele. Tatu, na hili ndilo wengi hawalioni, una saa tano kila siku ambazo umekaa kitako, mikono imeshikwa, lakini akili na midomo iko huru. Hizo ndizo sarafu zako.

Hana alibaki nyumbani

Katika Biblia yuko mwanamke ambaye kila mtu humtaja pakizungumzwa habari ya maombi. Huyo ni Hana, mke wa Elkana. Alikosa mtoto kwa muda mrefu, akaenda Shilo, akaomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Sehemu hiyo huhubiriwa sana.

Sehemu inayofuata huhubiriwa kwa nadra. Baada ya Samweli kuzaliwa, wakati wa kupanda kwenda kutoa dhabihu ya mwaka ulifika, na Elkana akaondoka na jamaa yake yote. Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atabaki mpaka mtoto aachishwe kunyonya, ndipo ampeleke. Elkana hakugomba. Alimwambia afanye aonavyo vema.

Fikiria hapo, mama. Mwanamke yule yule aliyeomba kuliko wote ndiye aliyebaki nyumbani akinyonyesha, na hakuna mahali anapolaumiwa kwa jambo hilo. Kumnyonyesha mtoto ambaye alikuwa amekwisha kumwahidi Mungu kulikuwa sehemu ya nadhiri yake.

Huko Uingereza nako aliishi mama mmoja, Susanna Wesley, tangu 1669 hadi 1742. Alizaa watoto 19, na tisa kati yao walikufa wakiwa wachanga. John na Charles, walioanzisha vuguvugu lililozaa kanisa la Methodisti, ni wanawe. Inasimuliwa kwamba katika nyumba ile iliyojaa watoto hakuwa na chumba cha kujificha, kwa hivyo alikuwa akijifunika aprini yake kichwani, na watoto wakajua kwamba hapo mama anaomba na hasumbuliwi. Wewe unayeishi katika chumba kimoja pale Umoja au Kawangware huna haja ya aprini. Leso yako inatosha.

Kwa dada yangu Mwislamu

Wewe nawe umepewa nafasi katika dini yako, ila pengine hujaitazama kama rehema. Katika siku za nifasi huswali, na swala ulizoacha katika siku hizo hulipi. Wanawake wengi wa Pwani huhesabu siku hizo kuwa arubaini, wakikandwa kwa maji ya moto na kupikiwa na mama zao. Ukiwa Nairobi au Nakuru, mama yako yuko mbali, na hiyo arubaini unaipitisha peke yako ndani ya nyumba ya kukodi. Lakini mlango wa dhikiri na dua haujafungwa. Ulimi wako unaweza kumtaja Mwenyezi Mungu kila mtoto anaponyonya.

Siku zikiisha na ukarudi kwenye msala, usiogope kilio cha mtoto. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Imepokewa pia kwamba aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti ya Zainabu. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, aliposimama akambeba tena. Ikiwa Mtume mwenyewe aliswali hivyo, wewe ni nani ujione umepungukiwa kwa kuwa mtoto amekushika nguo?

Sarafu za siku moja

Haya, tuingie katika siku yenyewe. Siri ni kutotafuta muda mpya. Shikiza sala kwenye kazi ambayo utaifanya vyovyote vile, utake usitake. Usianze na yote kwa pamoja. Chagua mambo mawili wiki hii, na mengine yatafuata.

Mnyonyo wa alfajiri: Hapa mikono haina nafasi ya kushika kitabu, lakini macho yanaona. Andika maneno machache kwenye karatasi kwa herufi kubwa, uyabandike ukutani mkabala na pale unapoketi. Chagua sura fupi. Zaburi ya 117 ina aya mbili tu. Zaburi ya 131 ina tatu, nayo inamzungumzia mtoto aliyetulia kando ya mama yake. Iache hapo wiki nzima. Kufikia Jumamosi utakuwa umeijua kwa moyo bila kujilazimisha.

Kumwogesha: Maji yamo kwenye beseni, umeyapima kwa kiwiko ukaona ni vuguvugu. Unapompaka sabuni, mwombee kiungo kwa kiungo. Miguu, isishike njia mbaya. Mikono, iwe ya kutoa na si ya kunyang'anya. Masikio, yajue kusikiliza. Ukimaliza kumkausha utakuwa umeomba kwa dakika saba na hukuziona zikipita.

Kufua na kuanika: Kama unatumia nepi za kitambaa, kila unapobana moja kwenye kamba taja jina la mtu mmoja. Nepi nane, watu wanane. Mama mkwe, dada aliyefutwa kazi, jirani anayeumwa, yule mliyekosana naye kuhusu maji. Kama unatumia zile za kutupa, vyombo vya kuoshwa havikosi.

Kumbembeleza: Mtoto alianza kuisikia sauti yako akiwa tumboni, na baada ya kuzaliwa huitambua kuliko sauti nyingine. Hajali kama unaimba vibaya. Mwimbie tenzi za kanisani au kasida polepole, kama wimbo wa bembea. Wewe utakuwa umeabudu, naye atakuwa amelala.

Benchi la kliniki: Chanjo zitakupeleka huko mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena miezi 9. Foleni unaijua. Badala ya kuhesabu waliokutangulia, waombee hao hao. Yule msichana mdogo aliyekuja peke yake bila hata shangazi wa kumshikia begi ana haja kuliko unavyodhani. Na ukimaliza kuomba, mshikie begi.

Siku ya kurudi kazini nayo itafika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa. Ukipapata mahali hapo, hizo dakika ishirini za kukamua maziwa nyuma ya mlango uliofungwa huenda zikawa ndizo za faragha kuliko zote katika siku yako. Usizitumie zote kusoma habari za watu.

Hapo tuseme ukweli kuhusu simu ya mkononi. Saa tisa za usiku ndiyo inayokaribia mkono zaidi. Ukiifungua utakutana na mama mwingine aliyepambwa, nyumba yake inang'aa, mtoto wake anacheka, nawe utarudi kitandani umechoka zaidi. Kama utaitumia, itumie kusikiliza neno likisomwa kwa sauti ya chini, huku umeigeuza uso chini.

Tahadhari nyingine mbili za usiku: usiombe mpaka ukasinzia kwenye kiti au kochi na mtoto yuko mapajani, kwa maana ni hatari kwake. Ukihisi usingizi unakuzidi, mlaze mahali pake kwanza, chali. Na stima ikipotea, usiweke mshumaa karibu na chandarua.

Baba, nawe una zamu

Bwana msomaji, usidhani umesahaulika. Sheria ile ile ya 2007 inakupa wiki mbili za likizo mtoto anapozaliwa. Zikiisha, mkeo bado ana miezi. Sikuombi mambo makubwa. Nakuomba dakika ishirini kwa siku. Mtoto akishanyonya, mchukue. Mpigepige mgongoni, tembea naye kibarazani au kwenye roshani, mwonyeshe matatu zinapita. Mkeo afunge mlango.

Usimwulize baadaye kama aliomba. Pengine alilala fofofo. Nabii Elia alipochoka jangwani mpaka akatamani kufa, malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kwa mama aliyelala saa tatu tu usiku, usingizi wa dakika ishirini aliopewa na mumewe ni jibu la maombi.

Jioni, kabla ya habari za saa moja au baada yake, mwekeeni mtoto mikono nyote wawili. Kila mmoja aseme neno moja la shukrani. Dakika moja inatosha. Nyumba nyingi hazina hata hiyo.

Na wewe kijana uliye nyumbani kwa likizo, huyo mdogo wako si mzigo wa mama peke yake. Ukimaliza kusoma, mshike. Ukimshika wewe dakika ishirini na baba dakika ishirini, mama amepata dakika arobaini, nazo ni hazina.

Akina mama wa kanisani na wa msikitini nao, mnapokwenda kumtazama aliyejifungua, msimwulize kwa nini hamumwoni ibadani. Mpelekeeni uji, fueni, fagieni, ombeni sala fupi, kisha mwende zenu mapema.

Ukavu wa roho au ugonjwa?

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulipitie haraka. Siku chache baada ya kujifungua, machozi yasiyo na sababu ni ya kawaida. Aghalabu huisha katika muda wa wiki mbili. Lakini kuna mama ambaye wiki mbili zinapita na giza linazidi. Halali hata mtoto akilala. Hali. Hana hisia zozote kwa mtoto, au anaogopa kuachwa naye. Anajiona hafai kitu. Akijaribu kuomba anahisi ukuta, naye husema, "Mungu ameniacha."

Huo huenda usiwe upungufu wa imani kamwe. Kuna ugonjwa wa huzuni unaowapata wanawake baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya kila watano hupata maradhi ya akili baada ya kuzaa, na hasa ni ugonjwa huu. Una matibabu, na wengi hupona. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, maana anapaswa kukutazama wewe, si mtoto peke yake. Asipouliza, sema wewe mwenyewe.

Na ikiwa mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yamekuingia, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, nenda hospitali leo hii, na usikubali kuachwa peke yako. Baba, mkeo akikwambia maneno hayo, usimkemee wala usimwambie ajikaze.

Enyi mapasta, mapadri na maimamu, mama kama huyo akiletwa kwenu, mwombeeni, kisha mhakikishe amefika kwa daktari. Kumwambia kwamba ana mapepo au kwamba haombi vya kutosha ni kumwongezea jiwe aliye majini.

Haba na haba

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Neno moja alfajiri, kiungo kimoja kwenye beseni, jina moja kwenye kamba ya nguo, wimbo mmoja jioni. Ukizijumlisha mwisho wa wiki utashangaa kuona kwamba umezungumza na Mola wako mara nyingi kuliko wakati ulipokuwa na saa nzima ya alfajiri na akili iliyokuwa ikiwaza foleni ya basi.

Mtoto ataanza kulala usiku. Ataachishwa kunyonya, ataanza shule, na iko siku utaamka saa kumi na moja, nyumba ikiwa kimya, na hapatakuwa na wa kukuita. Saa yako itakurudia nzima.

Kwa leo, ni saa tisa za usiku na mtoto bado yuko kifuani. Usiinuke kwenda kukichukua kile kitabu juu ya kabati. Sema neno moja tu la ahsante, kisha mtoto akimaliza, mlaze, nawe ulale.